Kadi Zilizolaliwa

Neno "umahiri" nililipenda sana kabla halijaletwa Mwanza na mradi mmoja wa walimu. Lilikuwa neno la kumsifia fundi cherehani au mpiga ngoma, mtu ambaye ukimwuliza anafanyaje anashindwa kukueleza. Halafu, katika ile miaka ya tisini ambapo kila kitu kilikuwa kinauzwa au kinafungwa, wakaja watu na makabrasha, wakalikatakata neno lile vipande vipande, na kila kipande wakakichorea kisanduku cha kutia alama ya vema. Tangu hapo nikilisikia linanikera, na anayelitumia mbele yangu namwekea alama ya kuuliza mpaka atakapojitetea.

Mimi ni mwalimu, na sioni. Surua ilinipitia nikiwa mdogo, kwetu kando ya ziwa upande wa Sengerema, ikaondoka na macho yote mawili. Nilisoma shule za wasioona, nikaenda chuo cha ualimu, nikapangiwa Mwanza mjini kufundisha kitengo cha wanafunzi wasioona ndani ya shule moja ya msingi ya kawaida. Kitengo ni jina kubwa. Kilikuwa chumba kimoja mwisho wa jengo, nyuma ya jiko, chenye watoto waliotoka Ukerewe, Magu, Geita na kwingineko, wakilala bwenini na kurudi kwao likizo. Nilipanga chumba Mabatini, nikienda kazini kwa miguu, na kazi ile niliipenda kuliko kitu kingine chochote nilichokuwa nacho.

Walimu wa kitengo tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa mwanamume wa makamo mwenye macho yake mazima, mpole, nadhifu kupita kiasi, ambaye unyoofu wa suruali zake ulikuwa ukisifiwa na walimu wote wa kike. Aliletwa kitengoni kwa sababu alipata kusoma kozi fupi ya nukta nundu, yale maandishi ya vinundu vinavyotokeza juu ya karatasi nene na kusomwa kwa kidole. Yeye hakuyasoma kwa kidole. Alisogea dirishani, akainamisha karatasi ili mwanga uiguse ubavuni, akawa anavifuata vinundu kwa penseli, kimoja kimoja, akikitia weusi kila kimoja ili kisimpotee. Nilikuwa nikiisikia penseli yake ikidonoa taratibu upande ule wa chumba, na kila siku nilijiuliza mtu anaonjaje mchuzi kwa kuutazama. Lakini watoto walimpenda. Yeye ndiye aliyewasomea barua za wazazi, ndiye aliyewapokea Buzuruga wakishuka kwenye mabasi, ndiye aliyekwenda idara ya elimu kugombania magodoro yao. Hayo mimi sikuyaweza, au niliyaweza kwa taabu.

Wakati huo Mwanza ilikuwa imeshikwa na soko huria. Viwanda vya samaki vilichukua minofu ya sangara vikaipeleka Ulaya kwa ndege, na sisi wenyeji tukauziwa mapanki, yaani kichwa na mifupa, tukayakaanga na kujilamba vidole. Mashirika ya umma yalikuwa yakifungwa, na watu tuliowajua wakiwa na ofisi walikuwa sasa wanatandika mitumba chini pale Mabatini, wakiniita kwa sauti mpya ya kubembeleza. Mradi wa umahiri nao, ukiniuliza mimi, ulikuwa biashara ya namna hiyo hiyo. Minofu yake ililiwa hotelini Dar es Salaam, na sisi tukashushiwa mifupa Nyegezi.

Kabla ya mafunzo ya Nyegezi, mwalimu mkuu alituita ofisini, mimi na mwenzangu, akafunga mlango. Alitwambia serikali inapunguza watumishi na kitengo kitabaki na mwalimu mmoja. Kutakuwa na mafunzo kwa walimu wote wa wasioona mkoani, na kati yetu sisi wawili, atakayerudi na cheti cha umahiri ndiye atakayebaki na watoto.

"Na mwingine?" niliuliza.

"Mwingine atapangiwa kazi nyingine," alisema, kisha akakohoa.

Kile kikohozi kilikuwa changu. Mwenzangu akikosa kitengo angepelekwa kufundisha hesabu shule yoyote ile. Mimi, hakuna mwalimu mkuu ambaye angenipokea nifundishe watoto wanaoona. Ningepewa barua ya kupunguzwa kazini, nikarudishwa Sengerema kwa kaka yangu, nikae uani nikichambua mchele na kusifiwa kwamba najitahidi. Hata hivyo sikuogopa sana. Nilikuwa na kiburi, na bado ninacho. Niliwaza, katika mafunzo ya kuwafundisha wasioona, mimi nishindwe na mtu wa penseli?

Tulikusanywa Nyegezi katika ukumbi uliokuwa na vyumba vya wageni, karibu na ziwa, na mvua ikatupokea. Mwezeshaji alikuwa mama mmoja kutoka Dar es Salaam mwenye viatu vya kisigino na manukato yaliyotangulia kuingia mlangoni. Nasema mwezeshaji kwa sababu asubuhi ya kwanza alitukataza kumwita mwalimu. Yeye ni mwezeshaji, sisi ni washiriki, na watoto ni walengwa. Mtoto aliyetoka Ukerewe na ndoo yake ya plastiki, aliyemlilia bibi yake muhula mzima, alikuwa sasa mlengwa. Hakuna aliyeguna. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na walimu wazima wenye watoto na wajukuu waliinamia madaftari yao wakaliandika neno lile kwa bidii.

Umahiri wa kwanza ulikuwa wa kutembea. Kila mshiriki angefungwa kitambaa machoni, apewe fimbo, atoke ukumbini hadi kwenye tangi la maji na kurudi, ili ajue maisha ya asiyeona. Nilicheka. Nilidhani wengine nao watacheka, nikajikuta niko peke yangu.

"Mimi nitakuwa nafanya nini wakati wenzangu wanatembea?" niliuliza.

"Na wewe utafungwa, dada yangu," alisema mwezeshaji. "Vigezo ni vilevile kwa wote. Hatutaki ubaguzi."

Basi nikafungwa. Alinifunga mwenyewe, akakaza vizuri, akanipungia mkono mbele ya uso kuhakikisha kwamba sioni. Niliusikia upepo wa kiganja chake. Wenye macho hupenda kunihadithia giza, lakini mimi sijui giza ni kitu gani zaidi ya neno, na kitambaa kile kilichonipa ni harufu ya sabuni na joto masikioni tu. Njia ya kwenda kwenye tangi nilikuwa nimekwisha kuijua tangu nilipofika: changarawe chini, mwamba mkubwa mkono wa kushoto unaorudisha sauti ya fimbo, upepo wa ziwani shavu la kulia. Nilikwenda, nikagusa tangi, nikarudi, nikaketi.

Wenzangu walikuwa na mambo. Mmoja alikumbatia nguzo ya ukumbi akaiomba samahani. Mwalimu mmoja mtu mzima kutoka Magu alipiga magoti kwenye changarawe akalia kwa sauti: "Yesu wangu! Kumbe ndiyo giza renyewe hiri!" Alipofunguliwa kitambaa alikuja moja kwa moja kwangu, akanishika mikono yote miwili kwa viganja vilivyolowa machozi, akanipa pole. Nikamwambia asante, maana mtu mzima anayelia huwezi kumjibu vingine. Mwenzangu wa kitengo alikwenda hatua chache akaingia kwenye maua, akatolewa huko akihema.

Jioni tukasomewa matokeo. Mtu wa Magu amemudu. Mwenzangu amemudu. Mimi sijamudu.

Nilisimama nikauliza kosa langu. Mwezeshaji alikuwa mvumilivu sana, nao uvumilivu wa namna ile naujua vizuri, ni ule wanaotumia watu kwa mtoto aliyejikojolea. Alinisomea kigezo: mshiriki aonyeshe kwamba ameelewa hofu na mateso ya asiyeona.

"Wewe hukuonyesha hofu," alisema.

"Nilitakiwa niogope nini?"

"Sasa unaona, dada? Hapo ndipo penye tatizo. Hujajiweka mahali pa asiyeona."

Sijui kama umewahi kusikia ukumbi mzima ukiitikia "mmh" la kukubaliana na upuuzi. Niliketi. Ningekuwa na kitu cha kurusha ningekirusha kuelekea kwenye yale manukato. Kati ya watu wote waliokuwa pale, mimi peke yangu ndiye niliyepatikana na hatia ya kutojua upofu.

Kesho yake mambo yakaendelea kwa mtindo ule. Kulikuwa na umahiri wa kumtambua mtoto mwenye uoni hafifu kwa kuyachunguza macho yake. Kisanduku hicho kilinipita, na sikubishana. Kulikuwa na kusoma nukta nundu. Hapo nilisoma ukurasa mzima kabla mwezeshaji hajamaliza kukohoa, akanitilia alama ya vema lakini akanishauri nisome polepole, kwa sababu kasi yangu ingeweza kuwakatisha tamaa washiriki. Mwenzangu alisogezewa kiti dirishani, akadonoadonoa kwa penseli yake mpaka chai ikapoa, akapata vema kama mimi. Debe tupu na debe lililojaa siku ile yalilipwa sawa.

Nikabaki na tumaini moja. Umahiri mkubwa kuliko yote ulikuwa somo la vitendo, na mwezeshaji alisema huo peke yake ungeweza kuwaokoa walioanguka kwingine. Watoto wa kitengo chetu wangeletwa Nyegezi, na kila mmoja wetu angewafundisha kusoma mbele ya washiriki. Hapo nilisema, sasa njooni. Watoto wangu nawajua. Kulikuwa na msichana mmoja wa darasa la saba, mtoto wa Ukerewe, mwembamba wa mikono na mzito wa maneno, ambaye nilimpokea hajui hata a, na sasa kidole chake kilikuwa kinakimbia kama changu. Mwaka ule alikuwa afanye mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Akifaulu angekwenda sekondari ya wasioona. Akishindwa, angerudi kisiwani kulea watoto wa dada zake.

Nilifundisha mimi kwanza. Kadi zangu za kusomea nilizichapa kwa mashine ya kitengo, nikazitunza kwenye mkebe wa biskuti ili unyevu usiziharibu, maana mvua haikukatika wiki ile. Watoto walisoma. Waliuliza maswali, wakabishana, mmoja akanisahihisha nikamshukuru. Lilikuwa somo zuri, nalisema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine aliyelisema. Mwezeshaji alisema sauti yangu inasikika, ila nimekosa kigezo cha kulitazama darasa. "Ukizungumza na mlengwa," alisema, "mtazame machoni, ajisikie anathaminiwa." Aliyasema haya katika chumba ambamo mimi siwaoni watoto na watoto hawanioni mimi. Kalamu yake ikakwaruza, nikajua visanduku kadhaa vimekwenda.

Kisha akasimama mwenzangu. Alikuwa na sauti nzuri, sauti ya mtu wa kwaya.

"Watoto, leo tutasoma habari iitwayo 'Ziwa Letu'," alisema, akawagawia kadi alizozichapa mwenyewe. Kisha akamwita yule msichana wa Ukerewe asome.

Kukawa na kimya. Kimya hicho nilikijua. Kidole kikipita juu ya vinundu hutoa mkwaruzo mdogo ambao mwenye macho hausikii kwa sababu hana haja nao. Nilisikiliza mkwaruzo ule, nisiusikie. Nilichosikia ni kidole kikiteleza, kikirudi mwanzo, kikiteleza tena. Halafu msichana akavuta pumzi akaanza:

"Zamani ziwa letu lilikuwa na furu wa kila namna. Bibi aliwakausha juani akawajaza kapuni. Siku hizi bibi anatia mkono kapuni, anatoa mkono."

Maneno yale yalikuwa yangu. Niliyatunga mimi, muhula uliotangulia, kwa sababu kitabu tulicholetewa kilikuwa na habari za treni na theluji. Nikawaandikia watoto habari za samaki wao walioliwa na sangara, tukaisoma mpaka wakaijua kwa moyo. Msichana aliendelea hadi mwisho, bila kukwama, akituliza sauti penye vituo kama nilivyomfundisha. Na kidole chake kiliendelea kuteleza juu ya kadi isiyokuwa na kitu.

Ukumbi ukapiga makofi. Mwezeshaji alisema hajapata kusikia mlengwa akisoma vizuri namna ile, tena habari yenyewe imetungwa kwa ufundi.

"Asante," alisema mwenzangu.

Alisema asante! Mtu aliyejua kilichokuwa kwenye kadi yake, na aliyesikia kwamba kilichosomwa sicho, alipokea makofi na sifa za utunzi akazitia mfukoni. Hapo nikasimama. Nilikwenda mbele, nikanyoosha mkono kuelekea sauti ya msichana ilikotoka, nikaichukua kadi, nikaipitisha vidoleni juu hadi chini. Ilikuwa laini. Hapa na pale palikuwa na kovu dogo la kinundu, basi.

"Kadi hii haisomeki," nilisema. "Nundu zake zimelala zote. Mtoto amekariri, hakusoma."

Nilisikia visigino vikija. Mwezeshaji aliichukua kadi mkononi mwangu.

"Mwalimu, mbona nukta ziko hapa? Nyeusi kabisa, naziona."

"Unaziona. Ipitishie kidole."

Hakuipitishia kidole. Kwa nini aipitishie kidole mtu mwenye macho? Penseli ya mwenzangu ilikuwa imeweka doa jeusi juu ya kila kinundu, na madoa yalibaki pale baada ya vinundu vyenyewe kutoweka, yakimwambia kila anayeona kwamba mambo ni shwari. Kadi ile ilikuwa imekamilika kwa kila mtu ukumbini isipokuwa kwa wale ilioandikiwa.

Mwezeshaji akamgeukia msichana. "Binti, usiogope. Umesoma au hukusoma?"

Nilingoja. Nilikuwa na uhakika naye kama nilivyo na uhakika na mkono wangu.

"Nimesoma, mama," alisema.

Kuna mtu alicheka nyuma. Mwingine akanong'ona, kwa sauti ya kusikika, kwamba mwanamke akishindwa hugeuka mchawi. Mwezeshaji akaniomba nirudi kwenye kiti changu. Baadaye nilisomewa kwamba nilikosa pia umahiri wa ushirikiano.

Wakati wa chakula mwenzangu alinifuata barazani. Alikaa kando yangu, akawa anachezea kijiko.

"Dada, nisamehe," alisema. "Kadi zilijikunja kwa huu unyevu, zikawa kama majani ya tumbaku. Nikaona haya kuzileta hivyo mbele ya wageni. Nikaziweka chini ya godoro zinyooke."

"Ukazilalia."

"Nikazilalia. Si ndivyo ninavyofanya na suruali? Asubuhi zilikuwa zimenyooka vizuri kabisa, na nukta naziona. Sikujua."

Mwalimu wa nukta nundu, aliyefundishwa, aliyepimwa na kuonekana amemudu, alikuwa ameyapiga pasi maandishi ya vipofu kwa mgongo wake. Nimefundisha watoto wa darasa la kwanza wanaojua kwamba ukurasa haukaliwi. Nilimdharau siku ile kwa moyo wangu wote, na sikuona sababu ya kumficha.

"Basi nenda kamweleze mwezeshaji," nilimwambia. "Unajua nikikosa cheti naenda wapi."

Kijiko kilinyamaza. "Nitaonekana mjinga, dada."

"Ujinga huo unao hata usipoonekana."

Hakwenda. Siku ya kufunga alikabidhiwa cheti chake, akashangiliwa, na mtu wa Magu akaongoza sala. Mimi nilipewa karatasi ya kuthibitisha kwamba nilikuwepo, jambo ambalo nilikuwa nalijua.

Tuliporudi shuleni, mwalimu mkuu alinisomea uamuzi kwa sauti ya haraka, kama mtu anayepita makaburini. Kitengo kingekuwa cha mwenzangu kuanzia mwisho wa mwezi, na mimi nijiandae, barua yangu itakuja. Nilitoka ofisini kwake nikaenda moja kwa moja chumbani kwa kitengo, nikaanza kufungasha vitu vyangu, na nilikuwa nalia kwa hasira, si kwa huzuni. Huzuni ilikuja mwaka uliofuata, uani kwa kaka yangu. Nilikuwa nimemdharau kila mtu tayari: mwezeshaji, mwenzangu, mwalimu mkuu na kikohozi chake. Nikawa natafuta na dharau ya kumwekea msichana wa Ukerewe, kwa sababu yeye ndiye aliyeniumiza kuliko wote.

Aliingia mwenyewe. Nilizijua hatua zake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba." Sikumwambia aketi. "Kadi ile ilikuwa imeandikwa nini?"

"Haikuwa na kitu, mwalimu."

"Lakini ulisema umesoma."

"Nilisoma ile yako."

"Nakuuliza kwa nini ulisema umesoma!" Nilipaza sauti, nikasikia jikoni wakiacha kupiga sufuria.

Hakulia. Alijibu taratibu, kama anavyojibu hesabu.

"Mtihani ukiisha," alisema, "majibu yetu lazima yaandikwe kwa wino ndipo yapelekwe kusahihishwa. Anayeyaandika ni yeye. Wewe huwezi, mwalimu, hata ungebaki. Ningemwaibisha mbele ya wale wageni, halafu akae na karatasi yangu peke yake, dirishani?"

Nilikaa kwenye kiti. Mtoto yule alikuwa ameniweka mimi upande mmoja wa mizani, na mtu wa penseli upande mwingine, na akapima kwa haki kabisa, pale pale mbele ya watu, wakati kidole chake kinateleza juu ya kadi tupu. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Sikumfundisha mimi hilo, wala halikuwemo kwenye visanduku vya Dar es Salaam. Nilitafuta dharau yangu, ile iliyokuwa imenijaa mpaka kooni, nisione pa kuiweka.

"Lete karatasi na kibao chako," nilimwambia.

Alileta kibao cha kuandikia na kalamu yake ya kutobolea. Siku zote nilizobakiwa nazo, baada ya vipindi, tulikaa wawili katika chumba kile nikimfundisha kuandika vibaya. Nilimwambia aache mstari mtupu kati ya mstari na mstari, kwa sababu macho ya mwalimu wake hupotea njia. Nilimwambia asiandike nyuma ya karatasi, kwa sababu akiandika pande zote mbili yule bwana hataweza kutenganisha kinundu na shimo. Aandike sentensi fupi. Akiwa na neno gumu na neno rahisi, achukue rahisi, maana gumu litakosewa na kosa litahesabiwa kuwa lake. Alikuwa mwandishi wa sentensi ndefu zenye madaha, msichana yule, na nilimkata moja baada ya nyingine.

"Hivi ndivyo inavyotakiwa, mwalimu?" aliniuliza siku moja.

"Hapana. Hivi ndivyo atakavyoweza kusoma."

Aliandika insha nzima kwa namna hiyo akanipa. Niliipitisha vidoleni. Ilikuwa kazi ya mtoto wa darasa la tatu, imetawanyika, imekula karatasi bure, haina hata sentensi moja ambayo ningemtambua kwayo.

"Vizuri sana," nilimwambia. "Hivyo hivyo."